Kumtandika farasi bila kumuumiza: mwongozo kamili wa kupima mgongo, tandiko na mpandaji

Tausi, farasi jike, alikuwa na sifa mbaya banda zima. Ukimkaribia na mshipi anakukunjia masikio. Ukianza kukaza anageuka kukuuma mkono. Mimi nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, wa miezi mitatu tu, na dawa niliyofundishwa na wenzangu ilikuwa kumfunga kamba fupi kwenye nguzo, halafu kukaza upesi upesi. Siku moja mzee aliyekuwa amewatunza farasi tangu ujana wake alinitazama nikihangaika, akasema, "Kijana, hebu lishushe hilo tandiko, uligeuze." Nikaligeuza. Akashika ncha mbili za mbele, akaziminya pamoja. Ndani ya ngozi kikalia kitu: kwa! Chuma cha mbele kilikuwa kimepasuka. Miezi mitatu yote nilikuwa namkandamizia jike wa watu chuma kilichovunjika, huku nikimwita mkorofi.

Tangu siku ile nafuata mpango mmoja: mgongo kwanza, tandiko la pili, mpandaji wa mwisho. Wengi huanzia mkiani. Mtu anakalia tandiko dukani juu ya farasi wa mbao, anaona limemkaa, analipa, kisha anarudi nyumbani kutafuta pedi za kuweka chini yake, kumlazimisha farasi akubaliane nalo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Haya nitakayoeleza ni ya tandiko la Kiingereza, ambalo ndilo utakalolikuta zaidi kwenye mabanda ya Nairobi, Naivasha, Nanyuki na Arusha. La Kimarekani, lile lenye pembe mbele, ni zito zaidi na hukalia eneo kubwa zaidi, lakini mgongo wa farasi ni uleule.

Tuelewane kwa majina

Watu wa pwani wana maneno yao ya zamani: soroji ni tandiko, lijamu ni chuma cha mdomoni, hatamu ni kamba za kuongozea, kikuku ni pale pa kukanyagia. Sehemu nyingine za tandiko hazina jina moja linalotumika kila banda, kwa hiyo nitataja ninavyoziita mimi.

Kiunzi ni mifupa ya tandiko, ya mbao na chuma au ya plastiki ngumu, iliyofichwa ndani ya ngozi. Mbele kina upinde wenye ncha mbili zinazoshuka kulia na kushoto. Mito ni ile miwili ya chini inayomgusa farasi, iliyojazwa sufu ya kondoo au sponji. Kati ya mito hiyo pana mfereji, na uti wa mgongo unatakiwa upite chini yake bila kuguswa. Mabawa ni ngozi pana zinazoning'inia ubavuni. Mshipi ndio mkanda wa chini ya kifua.

Kwa farasi mwenyewe, kumbuka sehemu tatu. Ya kwanza ni mwinuko wa mabega, pale shingo inapoishia na mgongo kuanza. Ya pili ni kombe la bega, ule mfupa bapa unaolala kwa mshazari chini ya mwinuko. Ya tatu ni ubavu wa mwisho, wa kumi na nane. Uzito wote wa tandiko na mtu wake ukae baina ya kombe la bega na ubavu huo. Mbele yake bega linahitaji kucheza. Nyuma yake hakuna mbavu za kubeba chochote.

Soma mgongo kabla ya kugusa tandiko

Msimamishe farasi kwenye sakafu tambarare, ya saruji ikiwezekana, miguu minne imekaa sawa, kichwa kimetulia. Akiinama kula, mgongo unabadilika umbo na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo. Mwombe mtu amshike, usimfunge.

Pitisha kiganja bapa kutoka mwinukoni hadi kiunoni, mara ya kwanza kwa uzito wa mkono tu. Rudia kwa ncha za vidole vitatu, ukiminya kiasi cha kuminya embe kujua kama limeiva, vidole vinne hivi kutoka kwenye uti, kila upande. Usimtazame mgongoni tu. Tazama sikio, jicho na mkia. Farasi mwenye maumivu hupepesa jicho kabla hajainamisha mgongo, na huinamisha mgongo kabla hajapiga teke. Ukiona anadidimia kila unapominya sehemu ileile, leo si siku ya kupima tandiko. Ni siku ya kumwita daktari wa mifugo na kumpumzisha.

Tafuta pia nywele nyeupe zilizoota kwa viraka chini ya eneo la tandiko. Hizo ni kovu. Shinikizo la muda mrefu huua chembe zinazotoa rangi ya nywele, na mara nyingi rangi hairudi tena hata tandiko likibadilishwa. Tausi alikuwa na viraka viwili, kila kimoja kama sarafu ya shilingi ishirini, kimoja kulia na kingine kushoto, mahali palepale ncha za upinde zilipokuwa zikikaa. Nilikuwa nikivipiga brashi kila asubuhi nikidhani amezaliwa navyo.

Kisha panda juu ya kitu imara, simama nyuma yake, mbali na mateke, umtazame kutoka juu. Mabega yanalingana? Farasi wengi wana bega moja nene kuliko lingine, na tandiko litasukumwa na lile kubwa kuelekea upande wa pili. Ukijua mapema hutamlaumu mpandaji kwamba anakaa upande.

Chukua umbo lake kwa waya

Huhitaji vifaa vya bei. Nunua kwenye duka la vifaa vya umeme waya mmoja mnene wa shaba wenye plastiki yake, urefu wa sentimita 60 hivi, ule mgumu unaokunjika na kubaki ulivyokunjwa. Tafuta boksi la katoni na kalamu.

Gusa ukingo wa nyuma wa kombe la bega kwa vidole. Ukishindwa kuupata, mtu avute mguu wa mbele taratibu kwenda mbele na kuurudisha. Utausikia ukitembea chini ya mkono wako. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini tandiko lililosogezwa mbele ni adhabu: kila hatua sehemu ya juu ya kombe inarudi nyuma sentimita kadhaa, na ikikutana na ncha ya upinde ni mfupa dhidi ya chuma. Acha upana wa vidole viwili au vitatu nyuma ya ukingo huo, laza waya juu ya mgongo kukatisha, ubonyeze ufuate umbo kushuka pande zote mbili. Uinue kwa uangalifu, uulaze kwenye katoni, uchore ndani ya waya. Andika "kulia" na "kushoto", jina la farasi na tarehe.

Rudia pale mgongo ulipobonyea zaidi, kisha pale ubavu wa mwisho unapokutana na uti. Ubavu huo unaupata kwa kuanzia ubavuni karibu na tumbo, unaufuata kwa kidole kwenda juu mpaka unapotea chini ya msuli. Mchoro wa nne chora kwa urefu, kufuata uti wenyewe kutoka mwinukoni kwenda nyuma. Huo ndio utakaokuambia kama mgongo wake umenyooka kama benchi au umebonyea kama machela.

Kata mchoro wa kwanza. Sasa una kipande cha katoni unachoweza kukipeleka kwa fundi au kwa muuzaji wa mitumba ya matandiko, ukakiingiza chini ya upinde kabla hujatoa hata shilingi.

Huku kwetu kazi hii haikwepeki, maana farasi wetu hawafanani. Wengi wanaopandwa pembezoni mwa Nairobi wametoka kwenye mbio za uwanja wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954. Hao ni warefu, mwinuko wao umechongoka, na walizoea tandiko la mbio ambalo wakati mwingine halifiki kilo moja. Farasi wa safari za porini mara nyingi wana damu ya farasi wadogo wa Somalia au Ethiopia: wafupi wa mgongo, wengine wana mwinuko wa chini na mbavu za duara kama pipa. Tandiko linalomfaa farasi wa mbio ukimwekea huyu wa porini litambana. La wa porini ukimwekea wa mbio litamlalia juu ya uti. Halafu utaona banda lenye farasi kumi na matandiko matatu.

Kagua tandiko lenyewe

Ligeuze juu chini. Minya ncha za upinde pamoja kama alivyofanya yule mzee: zikicheza, au ukisikia mlio, liweke kando. Halafu egemeza sehemu ya mbele kwenye paja lako na uvute kiegemeo cha nyuma kukuelekea. Viunzi vingi vya mbao vina chuma cha springi ndani, kwa hiyo vitanyumbuka kidogo na kurudi; hilo ni sawa. Kikikunjika kama kitabu, kikikwaruza, au ngozi ya kiti ikijikunja makunyanzi, kimevunjika. Tandiko huvunjika kiunzi kwa kuangushwa, kwa farasi kubingiria nalo, au kwa kuachwa sakafuni likakanyagwa. Nje linaweza kung'aa kama jipya.

Pitisha mkono kwenye mito yote miwili huku umefumba macho. Unatafuta mabonge, mashimo na upande mmoja kuwa mgumu kuliko wa pili. Sufu hushindiliwa kwa matumizi, kwa hiyo tandiko jipya likaguliwe baada ya miezi michache ya kwanza, kisha kila miezi sita. Fundi hufungua mshono na kuijaza upya, na kazi hiyo ni rahisi kuliko kununua tandiko lingine. Mito ya sponji haijazwi hivyo, ikichoka inabadilishwa.

Mishono ya vikanda vinavyoshika mshipi ivute kwa nguvu zako zote. Ikikatika, ikatike ukiwa umesimama chini. Mwisho, tazama vyuma vinavyobeba mikanda ya vikuku chini ya bawa. Vingi vina kiulimi kidogo kwenye ncha. Kiache kimefunguka, ili mtu akianguka na mguu ukabaki kwenye kikuku, mkanda uchomoke wenyewe badala ya kumburuta.

Liweke bila pedi

Hapa wengi hukataa, wanaona ngozi itachafuka. Futa mgongo uwe mkavu na safi, utalipangusa tandiko baadaye. Ukipima na pedi unapima pedi.

Liweke mbele kidogo ya mahali pake, juu ya mwinuko, ulisukume nyuma taratibu ili nywele zilale kuelekea mkiani. Litateleza, kisha litasimama lenyewe nyuma ya mabega. Hapo ndipo pake. Usilirudishe mbele, ukitaka kurekebisha, linyanyue uanze tena. Hesabu kwa vidole: ukingo wa mbele wa kiunzi uwe nyuma ya kombe la bega. Bawa linaweza kulala juu ya bega kwa sababu ni laini. Kiunzi hapana.

Nenda mbele, uchungulie. Kati ya mwinuko na upinde viingie vidole viwili mpaka vitatu vilivyosimama, na pembeni ya mwinuko pia pawe na nafasi, kwani kuna matandiko yanayoacha mwanya juu huku yanabana kwa ubavuni. Vikiingia vidole vinne au vitano usishangilie: huenda upinde ni mwembamba mno na tandiko limekwama juu kama kofia ya mtoto kichwani mwa mtu mzima. Ncha za upinde zishuke kwa mshazari uleule wa bega. Linganisha na katoni yako. Mstari wa ncha na mstari wa mchoro vifuatane kama reli mbili.

Nenda nyuma, uchungulie mferejini. Uone mwanga mpaka mbele, na upana usipungue vidole vitatu mpaka vinne kwa urefu wote. Matandiko mengi ya zamani yana mfereji mpana mbele unaosinyaa nyuma, na hapo ndipo mito hupanda juu ya uti farasi anapokata kona. Mito yenyewe iishie kabla ya ubavu wa mwisho. Kwa farasi mfupi wa mgongo na mpandaji mwenye makalio makubwa hapa ndipo penye ugomvi, na hakuna suluhu isipokuwa kutafuta tandiko lenye mito mifupi yenye ncha iliyokatwa, au kumtafutia mpandaji farasi mwingine.

Sasa mgusano. Kiganja kikiwa bapa, kitelezeshe chini ya mto kutoka mbele kwenda nyuma, huku mkono wa pili ukilikandamiza tandiko kidogo. Unataka usikie shinikizo lile lile njia nzima. Mkono ukibanwa mbele, ukaelea katikati, ukabanwa tena nyuma, tandiko limefanya daraja: uzito wote wa mtu utakaa kwenye sehemu nne ndogo. Kinyume chake ni tandiko linalobembea. Shika mbele na nyuma ulitikise. Likicheza kama kigoda kibovu kwenye sakafu ya mawe, umbo la mito limepinda kuliko mgongo.

Kisha usawa. Mimi hutumia limau. Liweke kwenye kiti uliache litulie. Litasimama penye bonde la kiti. Bonde hilo liwe katikati. Limau likikimbilia nyuma, mbele pamenyanyuka, na mara nyingi upinde ni mwembamba. Mpandaji atakuwa anajivuta mbele muda wote na nyonga zitamuuma. Likikimbilia mbele, upinde ni mpana au sufu ya mbele imeshindiliwa. Mpandaji ataegemea mikono na uzito utaangukia mabegani mwa farasi. Jambo hili hunifurahisha kila mara, kwa sababu limau hutatua ubishi ambao watu wazima wameshindwa kuumaliza kwa nusu saa.

Mshipi

Weka pedi nyembamba na safi, iinue juu ndani ya mfereji kwa kidole ili isivutike kwenye mwinuko, ndipo ufunge mshipi. Upite kwenye bonde la asili la kifua, upana wa kiganja nyuma ya kiwiko. Ukikaribia kiwiko zaidi utamchubua. Vikanda vining'inie wima kuelekea bonde hilo. Kama vinavutwa mbele, tandiko zima litafuata na kupanda mabegani, hata kama umelipima vizuri namna gani.

Kaza kwa awamu tatu: kwanza lishikane tu, baada ya kumtembeza hatua ishirini ongeza tundu moja, na la mwisho ukishakuwa tayari kupanda. Farasi wengi hutunisha kifua wakati wa kukazwa, na anayekazwa ghafla hujifunza kuchukia. Matundu kulia na kushoto yalingane. Vidole viingie bapa kati ya mshipi na ngozi, kwa ugumu kidogo. Ukimaliza vuta kila mguu wa mbele kwenda mbele, ngozi iliyokunjamana chini ya mshipi inyooke. Kazi hii ni ya sekunde kumi, na asilimia kubwa ya vidonda vya mshipi nilivyoosha vingezuiwa nayo.

Mpandaji

Anza na uzito, ingawa hakuna anayependa kuulizwa. Kanuni inayotumika sana ni kwamba farasi mzima, mwenye afya na mazoezi, asibebeshwe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko na viatu vikiwa ndani ya hesabu. Kama huna mizani ya mifugo, pima kwa futi ya fundi cherehani. Zungusha kifua nyuma ya viwiko na mwinuko. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Mzunguko wa sentimita 180 na urefu wa 165 vinakupa kilo 450. Asilimia 20 ni kilo 90. Toa tandiko la kilo 8 na viatu na kofia ya kilo 2, mpandaji abaki na kilo 80. Farasi mkonde, mzee au mchanga hesabu yake ni ya chini, na tandiko la Kimarekani la kilo 15 linakula fungu la mtu.

Akishapanda, na apande kutoka kwenye kigoda au jiwe, si kwa kujivuta kutoka chini, tazama kiti. Nyuma ya kalio libaki pengo la upana wa kiganja kimoja kabla ya ukingo wa kiegemeo. Viti hupimwa kwa inchi; watu wazima wengi huangukia kati ya 16.5 na 18, lakini urefu wa paja huamua kuliko unene wa nyonga. Mtu mwembamba mwenye paja refu akikaa kwenye kiti kidogo, goti linatoka nje ya bawa na kalio linasukumwa nyuma mpaka mwisho wa tandiko, na hapo uzito umefika pale pale tulipopakataza. Goti likae nyuma ya mto mdogo wa goti ulio kwenye bawa, bila kusukumana nao.

Vikuku: ukiwa chini, gusa chuma kinachobeba mkanda kwa ncha za vidole, unyooshe mkono, ulete kikuku kwapani. Kikifika, umepata urefu wa kuanzia. Juu ya farasi, acha mguu uning'inie. Sehemu ya kukanyagia igonge kifundo. Kwa kuruka vizuizi fupisha matundu mawili au matatu. Upana wa kikuku uzidi kiatu kwa sentimita 2.5 hivi: kikiwa chembamba mguu unanasa, kikiwa kipana sana mguu mzima unapenya, na yote mawili ni hatari. Mkanda wa kushoto hurefuka haraka kwa sababu ya kupandia upande huo, basi ubadilishane na wa kulia kila baada ya wiki chache. Nimeona watu wakipelekwa kwa daktari wa mgongo kwa ajili ya kukaa upande, kumbe mkanda mmoja umezidi mwenzake tundu zima.

Mpandaji akiwa juu, rudia kipimo cha vidole mwinukoni. Viwili viingie bado. Vikishindwa, shuka.

Mtazame akitembea

Mpandaji aende hatua za kawaida, kisha mwendo wa matiti (ule wa mchakamchaka), duara kubwa kulia na kushoto, na shoti fupi, yaani mbio, kama uwanja unaruhusu. Wewe simama nyuma kwanza. Tandiko linaloelea upande mmoja kwenye duara zote mbili lina kasoro yake au farasi ana bega kubwa; linaloelea upande wa nje kila mara huenda ni mpandaji. Simama pembeni: nyuma ya tandiko pakipigapiga mgongo kwenye matiti, upinde ni mpana au mito imepinda. Msikilize farasi pia. Anayekataa kuteremka mlima, anayefupisha hatua, anayetikisa mkia bila nzi, au anayegoma kukunja upande mmoja, ana habari ya kukupa. Mzee wangu alikuwa akisema farasi hana ila miguu minne na mkia, ndivyo vinavyotumika kama mdomo.

Baada ya dakika 30 hadi 40 za jasho, legeza mshipi, mtembeze kidogo, kisha fungua tandiko na ulinyanyue wima bila kuliburuza. Tazama jasho. Mito yote miwili iache alama za unyevu zinazolingana, na katikati pabaki pakavu pale mfereji ulipopita. Kinachotisha ni kiraka kikavu katikati ya unyevu: pale ngozi ilibanwa mpaka jasho likashindwa kutoka. Ukavu huo chini ya ncha za upinde ndio mwanzo wa nywele nyeupe. Julai Nairobi ikiwa na baridi yake, jasho huchelewa, kwa hiyo soma pia manyoya: yaliyosokotwa au kuvunjika yanaonyesha tandiko lilisugua. Pitisha mkono tena baada ya saa moja na asubuhi yake. Uvimbe mwingine huja usiku.

Kuhusu pedi

Pedi nene haipanui upinde mwembamba. Inazidisha kubana, kama kuvaa soksi tatu kwenye kiatu kinachobana. Kwa upinde uliozidi upana kidogo, pedi ya mbele inaweza kusaidia kwa muda wakati farasi anajenga msuli, na nasisitiza kwa muda. Kipande cha kuweka upande mmoja kwa farasi mwenye bega kubwa kiwekwe na mtu anayejua, kikaguliwe kila wiki. Ukijikuta una pedi tatu chini ya tandiko moja, uza zote pamoja na tandiko.

Kurudia vipimo

Fundi wa matandiko anaweza kuwa mbali nawe, au akawa anapita mara moja tu kwa mwaka. Ndiyo maana zile katoni zinahifadhiwa. Mvua za masika zikinyesha nyasi zinajaa, farasi ananenepa na upinde uliokuwa sawa unaanza kubana. Kiangazi kikikaza anakonda, msuli wa nyuma ya mabega unasinyaa, na tandiko lile lile linashuka kwenye mwinuko. Farasi mchanga bado anaota mabega. Mzee mgongo unaendelea kubonyea. Mimi huchora mara nne kwa mwaka, na mara moja zaidi kwa yeyote aliyepumzika zaidi ya mwezi.

Katoni za Tausi zimetundikwa kwa msumari nyuma ya mlango wa chumba cha matandiko. Ya kwanza, ya Februari, ina mabonde mawili chini ya mwinuko, kama mtu aliyebonyeza dole gumba kila upande. Alipumzishwa wiki sita, akatafutiwa tandiko la mtumba lenye upinde wa saizi yake, akatembezwa vilimani kwa kamba kabla ya kupandwa. Mchoro wa Septemba ukiubandika juu ya ule wa Februari na kuushika kwenye mwanga, utaona mabonde yamejaa karibu kidole kizima kila upande. Nywele nyeupe zipo palepale. Ila nikija na mshipi siku hizi, hugeuza kichwa kutafuta kama nina karoti mfukoni.